Vifo Vyangu Vitatu vya Jumamosi

Nimekufa mara tatu katika maisha yangu, zote Jumamosi moja, kati ya chai ya saa nne na sala ya adhuhuri. Mara ya kwanza aliniua shangazi yangu. Mara ya pili aliniua mama mmoja wa Kihindi kutoka Stanmore ambaye sikuwa nimepata kumwona. Mara ya tatu aliniua sajenti wangu mwenyewe, mwanamume wa Kiingereza mwenye masharubu, akiwa amevaa buibui. Watu wa Edmonton wameisimulia habari hii kila mmoja kwa chumvi yake, na katika masimulizi yao yote mimi ni mwoga. Basi na nieleze mwenyewe, maana kati yao hakuna hata mmoja aliyekuwapo, na hakuna hata mmoja anayejua kuandika.

Jina langu Jaffar, mtoto wa Himid. Mimi na mdogo wangu Time tumezaliwa hapa hapa London, ila Time ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na mimi ukinisemesha Kiingereza nakujibu kwa vina. Sikufundishwa na mtu. Baba alikuwa na kaseti za mashairi alizozirekodi redioni zamani. Nilizisikiliza mpaka utepe ukakatika, kisha nikawa nahesabu mizani kwa vidole ndani ya basi la 149, nikienda ghalani ninakofanya kazi ya kupakia masanduku. Abiria walidhani navuta uradi. Wakawa wananipisha kiti.

Kosa langu lilianzia harusini. Kwetu mtu akisimama na shairi mbele ya watu, anajigamba. Anakuwa simba, anakuwa radi, anatafuna chuma kama kashata, na wanaomsikiliza wanapiga makofi huku wakijua fika kwamba Jumatatu bwana huyu atarudi kwenye masanduku yake. Ndiyo desturi. Hakuna anayemwuliza simba mkia wake uko wapi. Nami nikasimama na beti saba, na huu ndio uliowainua watu vitini:

Mimi simba wa vitani, nanguruma nchi yote,
Adui yuko shimoni, ajikunyate asite,
Damu yake mdomoni, nitainywa kama mate,
Risasi ziniogope, mimi ndiye mwana vita.

Ukumbi ulilipuka. Kina mama walipiga vigelegele hadi watoto wachanga wakaamka. Kijana mmoja tu kutoka Croydon, ambaye naye hujiita mshairi, alisubiri kelele zipungue, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Simba wa ghala! Umewahi kushika hata bunduki ya maji?"

Watu wakacheka. Mwenye akili angecheka nao, au angemjibu kwa ubeti. Mimi Jumatatu nilikwenda nikajiandikisha jeshi la akiba.

Ndiyo, niliingia jeshi la Malkia kwa sababu ya ubeti. Wapo walioingia kwa sababu mbaya zaidi.

Jeshi la akiba ni jeshi la wikiendi. Siku tano wewe ni mtu wa kawaida, Jumamosi unatambaa kwenye tope ukipigiwa kelele. Sajenti wetu, Tom, siku za kazi alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na nadhani kelele zote alizoshindwa kuwapigia wateja wake alitutunzia sisi. Lakini sare ilinikaa. Baba alitundika picha yangu sebuleni, kati ya picha ya Kaaba na saa ya ukutani. Huyu ni mtu aliyekimbia bunduki Unguja mwaka wa sitini na nne akiwa na miaka kumi na saba, akafika London na koti la kuazima. Sasa wageni wakiingia hawajakaa, ameshawaonyesha: "Huyo Jaffar wangu. Yuko jeshini." Habari za wikiendi hazitaji.

Luteni wetu, kijana aliyetoka chuo kikuu juzi, alisikia kwamba mimi ni mshairi, akataka kuliona shairi. Nikamwomba Time alitafsiri. Alipofika mstari wa tatu akainua kichwa.

"Like saliva?" akasema, amekunja pua. "Jaffar, that's disgusting."

"Wewe tafsiri."

Akatafsiri. Luteni akalitia fremu, Kiswahili juu na Kiingereza chini, akalitundika kantini, juu ya mashine ya chai. Sikatai kwamba nilikuwa nakunywa chai nyingi siku hizo.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 ikaja barua. Wikiendi zimekwisha. Tunakwenda Basra, vitani.

Kabla ya kusafiri walitupeleka kwenye uwanda mmoja mbali na mji, ambako serikali ina kijiji chake cha uongo. Nyumba za matofali zisizo na madirisha, soko lisilo na hata kitunguu, na jengo lililopakwa chokaa ambalo tuliambiwa ni msikiti. Lilielekea Norway. Wanakijiji walikodiwa kwa wakala ambaye kazi yake hasa ni kupeleka wahudumu kwa wazee majumbani. Alikuwa amewatumia wafanyakazi wake ujumbe: wanatakiwa kina mama watu wazima, waje na mitandio yao, chakula cha mchana kipo.

Zoezi lilikuwa kupekua nyumba kwa nyumba. Luteni akanishika bega. "Jaffar, wewe tangulia. Lugha yao unaijua."

"Mimi nasema Kiswahili, bwana."

"Vizuri sana," akasema. "Tangulia."

Nikatangulia, watu saba nyuma yangu. Mlangoni pa nyumba ya tatu alikaa mwanamke mwenye buibui, uso kauinamisha, kapu mapajani. Nikamwelekezea bunduki kama nilivyofunzwa, nikamwamuru asimame kwa sauti ya simba.

"We Jaffar!" akasema. "Hebu teremsha hilo dude lako. Ndiyo salamu gani hiyo?"

Alikuwa Shangazi Ummukulthum, dada yake baba, aliyetulea mimi na Time tangu mama alipofariki, mhudumu wa wazee kwa wakala yule yule. Aliniaga Ijumaa kuwa kesho yake ana zamu. Hakusema zamu ya nini.

Mwili una adabu zake ambazo hazipiti kichwani. Kwetu ukikutana na mkubwa wako unainama, unaushika mkono wake, unaubusu. Nimefanya hivyo tangu sijajua kutembea sawasawa. Nikalaza bunduki chini, nikainama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Hawakupi chakula hawa?"

Nikaubusu mkono wake wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameutia kapuni.

Filimbi ikalia. Mwamuzi wa zoezi, mtu mwenye kitambaa cheupe mkononi, akaja mbio. "Bomu! Umekufa. Wewe na hao saba wote."

Shangazi akatoa kapuni kibao chekundu, alama ya bomu, akakinyanyua kwa haya kama mtu aliyekutwa na sukari ya jirani. "Nisamehe, baba. Waliniambia akija wa kwanza tu, nivute."

Wale saba waliotoka kufa wakawa wananitazama. Mmoja akauliza kama na yeye inampasa kunibusu mkono. Tom alikuja akitoa mvuke puani.

"Upya!" akapiga kelele. "Na mbadilisheni huyo shangazi!"

Akaletwa mama mwingine, Kalpana, wa Stanmore. Nilikuja kujua baadaye kwamba alizaliwa Tanga, kwamba mwanawe ni daktari wa meno, na kwamba alijiandikisha kwa wakala kwa sababu nyumbani alichoka kupangusa vitu visivyo na vumbi. Walimvika buibui la shangazi juu ya sari. Wakati wanabadilishana, shangazi alimnong'oneza jambo.

Safari hii sikuinama. Niliinua bunduki nikamlenga kifuani. Ilikuwa na risasi za mlio tu, zisizo na kichwa, hazimwumizi mtu. Yeye hakuijua hiyo tofauti, au alijifanya haijui, maana aliinua mikono yote miwili, macho yakamtoka, akasema kwa Kiswahili cha dukani kwao Tanga:

"Usiniue, mwanangu. Mimi mama yako."

Hapo kilitokea kitu ambacho sikumweleza mtu kwa miezi minne. Kitafika mahali pake. Kwa sasa itoshe kusema kwamba niliishusha bunduki, naye Kalpana, ambaye ni mtu mwaminifu kwa kazi aliyopewa, akautia mkono kapuni akavuta. Filimbi. Nikafa mara ya pili, na wale saba.

"Nipe hilo vazi," Tom akasema.

Wallahi alilivaa. Sajenti mzima, futi sita, mtandio umemkaza usoni, masharubu yamechomoza kama panya anayechungulia. Akakaa mlangoni na kapu lake.

"Haya," akanguruma. "Mimi si shangazi yako. Mimi si mama yako. Niue, mjinga wewe! Kuna wanaume kumi na wawili hapa wanaoiota nafasi hii kila usiku!"

Kikosi chetu chote, platuni nzima, kikainamia buti zake. Alilosema lilikuwa kweli. Nilimtazama Tom, mikono yake minene ya ufundi imeshikilia kapu. Nikaiweka bunduki chini, polepole, nikarudi nyuma hatua moja.

Tom hakukasirika. Alivuta kile kibao kwa utaratibu, kama mtu anayezima taa. "Umekufa tena, mwanangu," akasema.

Nikamwambia sitaki tena. Si leo, si Basra, si popote.

"Unaogopa?"

"Ndiyo. Lakini si unachofikiri."

Alivua mtandio, akajikuna shavu. "Kuna fomu," akasema.

Kumbe kuna fomu! Waingereza wana fomu ya kila kitu, hata ya dhamiri. Kurasa tisa. Ukurasa wa pili wanauliza: pingamizi lako lilianza lini? Nikaandika: Jumamosi, saa tano kasorobo. Ukiijaza unaitwa mbele ya kamati, nayo inaamua. Ikikuamini unaachiliwa uende zako. Isipokuamini, unafuata wenzako vitani, na ukikataa kuwafuata unakwenda jela ya kijeshi. Mimi nilijua nitakataa. Kwa hiyo kwangu ilikuwa nyumbani au jela.

Platuni iliondoka mwezi wa tatu. Mimi nilibakizwa kambini kupaka rangi nyeupe mawe ya kando ya njia. Nilipofika jiwe la mwisho, lile la kwanza lilikuwa limechafuka.

Edmonton nako palichangamka. Msikitini watu walinipa mkono kwa ncha za vidole. Kijana wa Croydon alitunga beti kumi na mbili za kunikejeli, zikasomwa kwenye harusi mbili. Tatu kati yake zilikuwa na mizani pungufu, wala hakuna aliyeona ila mimi. Baba hakuiteremsha picha yangu. Aliigeuza, ikatazama ukuta. Sebuleni pakawa na Kaaba, mgongo wa fremu, na saa.

"Watu wanasema umeogopa," akaniambia siku moja bila kuacha kumenya chungwa.

"Watu hawajui."

"Kama hukuogopa si uende?"

"Nikienda ndiyo nitakuwa nimeogopa, baba. Nitakuwa nimewaogopa hao wanaosema."

"Maneno! Maneno unayo wewe. Dhamiri, dhamiri. Hata sisi tulikuwa nayo dhamiri kwetu. Hatukuijazia fomu."

Siku ya kamati ilikuwa mwezi wa sita. Asubuhi nilimkuta baba ukumbini kavaa suti, ile ile aliyoivalia ofisi ya uhamiaji Croydon alipokwenda kuomba karatasi zake, kabla sijazaliwa. Hakuniambia anakwenda wapi. Tulipanda treni pale Edmonton Green watu watatu: yeye, shangazi na mimi. Shangazi alikwenda kama shahidi wangu, amebeba mkoba wenye sambusa, kwa kuwa haamini kuwa serikali inaweza kumlisha mtu mara mbili.

Tulikwenda vituo vitatu. Kisha baba akaanza, akitazama dirishani.

"Mwaka ule, siku ya pili ya mapinduzi, alikuja mtu mlangoni kwetu na bunduki. Nilimjua. Alikuwa akiuza kahawa mtaani. Akanisalimu: Himid, hujambo? Nikamjibu: sijambo. Nikajibu, unasikia? Kama siku yoyote. Ndipo akainua bunduki. Tukatazamana. Kisha akaishusha, akaenda zake."

"Kwa nini aliishusha?"

"Najua mimi? Miaka thelathini na tisa najiuliza."

"Labda aliogopa," nikasema. Nilikusudia kumchoma.

Treni ilisimama, ikapakia, ikaondoka. "Labda," baba akasema. "Mungu amrehemu mwoga yule."

Shangazi akafungua mkoba akampa sambusa.

Kamati ilikaa ghorofa ya tatu ya jengo la kijivu katikati ya jiji, chumba chenye zulia jekundu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Baba alikataa kuingia, akakaa nje kwenye benchi. Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mwanasheria mwembamba aliyefunika na kufunua kalamu yake baada ya kila neno, kanali mstaafu aliyegeuza sikio lake moja linalosikia kila mtu aliposema, na mama aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, ambaye alinitazama kana kwamba nimekuja bila daftari.

"Bwana Himid," mwenyekiti akasema, "jeshi halikuiti mwongo. Linasema tu kwamba huenda umeogopa. Woga ni jambo la kueleweka, lakini fomu yake si hii."

"Ulikataa kumpiga risasi shangazi yako," kanali akasema. "Hata mimi ningekataa wa kwangu, na simpendi. Lakini adui wa kawaida je? Mwanamume?"

Mwenyekiti akafungua faili, akasoma maelezo ambayo Tom alikuwa ameyatuma kutoka Basra: "'Askari Himid alikataa pia kunipiga mimi, kwa umbali wa hatua nne, bila upepo, nami nikiwa nimemwamuru. Tangu niingie jeshini sijaona askari akiiacha nafasi kama hiyo. Naamini dhamiri yake ni ya kweli.'"

Kanali alikohoa kwa muda mrefu ndani ya kitambaa chake.

Akaitwa shangazi. Aliapa kwa Msahafu, akajipanga kitini kama yuko kwake.

"Huyu mtoto," akasema, "kuku akichinjwa anakwenda kujificha chooni."

"Shangazi!"

"Nasema uongo? Sikukuu ya juzi nani alikuwa chooni na redio?"

"Nilikuwa napiga mswaki."

"Saa nzima? Una meno mangapi wewe?"

Nilitamani bomu lake la kapuni. Mama mwalimu akaandika kitu. "Kwa hiyo, bibi, unatuambia kwamba ni mwoga kwa tabia."

Shangazi akamtazama kwa upole wa kutisha, upole anaowatazamia wagonjwa wanaotema dawa. "Mimi nalea wazee, mama. Mwaka wa kumi na nne huu. Nina mzee mmoja Edmonton alikuwa askari zamani, sijui wa vita gani. Kila nikimwogesha ananishika mkono, analia, ananiita jina. Si jina langu. Si la mkewe, mkewe nimemwuliza. Sijui mwenye jina hilo alimfanya nini. Sitaki Jaffar aje kuogeshwa na mtu huku anaita jina."

Mama mwalimu aliacha kuandika.

Nikadhani tumeshinda. Kumbe faili lilikuwa na karatasi moja zaidi. Mwenyekiti akaitoa, akaifunua kalamu, akaifunika. "Kuna jambo hili," akasema, akasoma. Ulikuwa ubeti wangu. Kwa Kiingereza cha Time, katika sauti ya mwanasheria, ulisikika kama tangazo la duka la nyama. Kila mstari aliutua mezani. Alipofika kwenye mate alisita, akaendelea.

"Uliandika wewe?"

"Mimi."

"Miezi kadhaa kabla ya pingamizi lako. Na nimeelezwa kwamba uliridhia litundikwe. Bwana Himid, uliyamaanisha maneno haya?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, mpana, na umewekewa zulia. Nilitakiwa kusema: hapana, bwana, ni desturi tu, watu wetu hujigamba, shairi langu ni upuuzi. Shangazi alikuwa ananikonyeza kwa macho yote mawili niseme hivyo hivyo. Nusu yake ilikuwa kweli. Lakini niseme kwa kinywa changu kwamba ubeti uliowainua watu vitini ni upuuzi? Mbele ya watu wasioijua hata mizani? Hicho ndicho kiburi kilichonifunga ulimi kwanza, sikifichi. Na nyuma ya kiburi kulikuwa na lile jambo la miezi minne, linagonga.

"Mizani yake ni kamili," nikasema. "Vina vimetimia. Halina kasoro."

"Sikuuliza hilo."

"Najua. Nilipoliandika sikulimaanisha. Nilikuwa natafuta vina tu. Lakini siku ile kijijini, mara ya pili, nilimlenga mama mmoja wa Stanmore, naye akaniambia nisimwue. Ubeti huu ukaja wenyewe. Mstari huo huo wa damu. Nikausikia masikioni na kinywa kikajaa mate, mate kweli, bwana, na kidole kikaanza kuvuta. Nilitaka. Kwa muda wa pumzi moja nilitaka kumwua mama wa watu, kwa sababu mimi nina bunduki na yeye hana, na maneno yalikuwa tayari yamekaa mahali pake. Risasi sikuziogopa. Nilimwogopa huyo simba. Nilikuwa nimemtangaza ukumbi mzima nami sikujua kwamba yumo."

Kalamu ilikuwa wazi.

"Nimeandika mashairi mengi ya uongo," nikasema, "na nitaandika mengine. Naweza kuishi nayo. Hilo moja lilitaka kuwa la kweli. Silitaki."

Mwenyekiti aliinamia karatasi zake. Shangazi alikuwa ameacha kunikonyeza, akawa anayatazama mabega yangu kama anayepima nguo. Kanali akaivuta karatasi ya ubeti mbele yake.

"Binafsi nililipenda," akasema. "Hasa pale kwenye mate."

Nje, baba alisimama aliponiona. "Umesema nini?"

"Ukweli."

"Wote?"

"Wote."

Alinitazama, akafunga kifungo cha koti lake la Croydon. "Haya. Twendeni tukanywe chai."

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Kamati imeridhika, pingamizi ni la kweli, naachiliwa kwa heshima, nirudishe buti. Nilipotoka kurudisha buti nilikuta picha imegeuzwa tena, inatazama watu. Wageni wakija siku hizi baba anasema: "Huyo Jaffar wangu. Alikuwa jeshini." Kisha ananyamaza, na wageni hawajui wampe hongera au pole. Shangazi bado anakwenda kule kijijini Jumamosi mbili kwa mwezi pamoja na Kalpana. Wamepandishwa cheo, sasa ndio wanaowafundisha wapya namna ya kuvuta.

Ningetamani kuishia hapo, mshindi. Lakini mwezi wa nane ilikuja kadi kutoka Basra, mwandiko wa Tom, herufi kubwa kama za vibao vya barabarani. Hongera, aliandika, nimesikia. Vijana wanakusalimu. Usiwe na wasiwasi na shairi lako, tulilibeba, fremu na yote. Liko ukutani, juu ya mashine ya chai. Wanalisoma kabla ya kutoka doria, wengine wamelinakili wakalitia mfukoni. Wanasema linawapa moyo.

Niliisoma kadi ile nimesimama jikoni, maji yakachemka yakakauka. Nilijaza kurasa tisa kujitoa mwenyewe, na simba nikamwacha kule na silaha zake. Nikamwandikia luteni kwamba nalitaka shairi langu. Akanijibu kwa adabu sana. Alisema nilijitoa mimi, shairi halikuomba kutoka, wala tangu lifike halijaleta malalamiko yoyote.

Basi nimerudi kwenye 149. Kwetu anayejigamba hujibiwa, kwa vina vile vile alivyovianza, asipate pa kupenya. Safari hii aliyejigamba ni mimi, na wa kumjibu ni mimi. Nahesabu kwa vidole, abiria wananipisha kiti. Nimefika ubeti wa tatu. Shairi likikamilika nitamtumia Tom alitundike kando ya lile la kwanza, na yule wa Croydon nitampelekea nakala aone mizani inavyokaa.

Time amekubali kutafsiri. "Fine," akaniambia, "but no spit this time."

Nimemwahidi mate hakuna.